Kushika Ngazi

Asubuhi, kabla ya koleo, tunapanga foleni kwa Chelimo,
binti wa chuo, viatu vyake bado vina rangi ya dukani.
Ananifunga kidude mkononi, kingine kiunoni,
vyeusi, vidogo kama viberiti.
Anauliza, "Kinabana, mama?"
Kinabana. Nasema hapana.

Hapa ni Kondele, ghorofa ya nne inaitafuta ya tano.
Chini zege, juu jua, katikati mimi na karai.
Foromani Opanga alitueleza kwa kifupi:
kidude hakina jicho, hakina sikio,
kinahisi mwendo tu. Ukiinama kinajua.
Ukipanda kinajua. Ukiketi...
hapo akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja.

Wiki ya kwanza tulifanya kazi kama watu wanaopigwa picha.
Wabwile alikwenda haja mbio, akarudi mbio.
Hata aliyekohoa alikohoa akiwa na tofali.

Jumatano nikasahau kukivua.
Nikashuka nacho hadi Nyalenda, nikanunua omena wa hamsini,
nikawasha jiko.
Alhamisi Chelimo akaniita kwenye kompyuta, uso umemkunjamana:
"Mama Rusalina, saa mbili usiku ulikuwa saiti?
Mashine inasema ulichanganya saruji dakika kumi na mbili."
Nikacheka hadi karai likaniponyoka.
Ulikuwa ugali, binti yangu. Tuko saba.
"Na hapa, saa tatu, kubeba, kupanda?"
Huyo ni mjukuu, husinzia kwa jirani nikiosha vyombo;
kati yetu kuna mtaro na vipandio vya mawe.
Akaandika, akafuta, akaandika.
Opanga akasema ya nyumbani hayalipwi.
Nani alikuwa amemuuliza?

Kisha akaona kijivu.
Kubeba ni kijani, kupanda ni buluu, kuchanganya ni chungwa.
Lakini Jumanne, saa nne unusu asubuhi,
kijivu kitupu, dakika kumi na moja,
mstari umelala kama maji ya beseni.
*Bila kazi*, ndivyo ilivyoandikwa.
Opanga akatoa kalamu.

Naikumbuka Jumanne ile.
Upepo wa ziwa ulipanda mapema.
Wabwile alikuwa juu kabisa, anafunga vyuma,
na ngazi yetu ni ya miti, kipago cha tatu kina msumari mmoja.
Mimi chini. Mguu kwenye mguu wa ngazi,
kifua kwenye vipago, mikono miwili, meno.
Kazi yenyewe ilikuwa kutotikisika.
Ningetikisika, mashine ingenipa rangi,
na Wabwile angekuwa amelala kwenye kokoto.

Sikusema hayo yote.
Nilisema, "Nilikuwa nashika ngazi."
Chelimo akapekua orodha yake:
kubeba, kupanda, kushuka, kuinama, kuchanganya, kutembea, kukaa.
"Kushika haipo," akasema, polepole, kama anayeomba radhi.
"Na mashine itajuaje? Kushika na kusinzia, kwake, ni kitu kimoja."

Wabwile, aliyekuwa akinawa miguu kwenye pipa, akapaza sauti:
"Basi kifungeni kwenye ngazi!"

Sote tukacheka. Chelimo hakucheka.
Ijumaa akaja na kipande cha mpira wa baiskeli,
akakifunga kidude kwenye kipago cha pili,
akamwambia Wabwile apande hatua tatu tu,
akaniambia niachie kidogo, nishike, niachie, nishike.
Nikiachia, mstari uliruka kama samaki mkavuni.
Nikishika, ulilala.
Akaukuza ule ulalo kwa vidole viwili,
akautazama kwa muda mrefu,
kisha akauliza jina langu linaandikwaje.

Opanga alikuwa keshaukata ujira wa wiki, shilingi sitini.
Chelimo akasema atazungumza naye.
Sikusikia alivyomaliza;
upepo ulikuwa umeanza tena,
na Wabwile alikwisha pita kipago cha tatu.